Kuelekeza upya taa za Probox nyumbani, Uyole, Mbeya

Jumamosi, 14 Juni 2025: hali ya gari kabla ya kugusa chochote

Gari ni Toyota Probox ya shangazi yangu, na kazi yake ni viazi. Linapakia Isyonje alfajiri, linashuka Igawilo, linapita Uyole na kushusha mzigo Mwanjelwa kabla jua halijachomoza. Malalamiko ya shangazi ni mawili. La kwanza, karibu kila anayepishana naye anampigia fulu (mwanga wa mbali), ilhali yeye yuko kwenye dimu (mwanga wa karibu). La pili, yeye mwenyewe haoni, hasa ukungu ukitanda kule juu Isyonje.

"Mwanangu, nikiwasha taa naona ukuta mweupe," aliniambia. "Barabara siioni, na wenzangu nawaumiza macho."

Mambo hayo mawili yana chanzo kimoja. Taa ikitazama juu, mwanga unapita usawa wa macho ya anayekuja, na kwenye ukungu unagonga matone yaliyo kati ya dereva na barabara na kumrudia usoni. Mwezi Machi bampa la mbele liligongwa, taa ya kushoto ikapasuka, ikafungwa nyingine ya mtumba. Ikawashwa mbele ya geti, ikaonekana inawaka, gari likaondoka. Huo ndio utaratibu wa mafundi wengi: taa inapimwa kwa macho getini. Naandika shajara hii ili mwenye gari la aina hii aone kwamba kupima kwa uhakika kunawezekana nyumbani, bila mashine.

Maelezo machache ambayo kila kitu kitayategemea. Probox hii inatumia globu za H4: globu moja yenye nyuzi mbili, wati 60 za fulu na wati 55 za dimu. Chini ya uzi wa dimu kuna kikombe kidogo cha chuma kinachozuia mwanga usishuke upande wa chini wa sahani inayong'aa ndani ya taa. Kwa sababu hiyo mwanga wa dimu ukipiga ukutani unakuwa na ukingo wa juu uliokatika vizuri, giza juu na mwanga chini. Kwa kuwa Tanzania tunaendesha kushoto, ukingo huo unalala upande wa kulia na kupanda kidogo upande wa kushoto, ili uone mtembea kwa miguu na kingo ya barabara bila kumchoma anayekuja. Kinachopimwa ni ukingo huo. Ukubwa wa mwanga hauhusiki.

Kanuni namba 48 ya Umoja wa Mataifa inayohusu ufungaji wa taa inataka taa iliyo chini ya sentimita 80 kutoka ardhini ielekezwe ikishuka kati ya asilimia 1 na 1.5. Katikati ya taa za Probox hii ni sentimita 68. Nimechagua asilimia 1: kwa ukuta ulio mita 10 mbele, ukingo uwe sentimita 10 chini ya usawa wa taa. Mwanga wa namna hiyo unagusa barabara mita 68 mbele.

Maandalizi ya kawaida: taa zimeoshwa, upepo wa matairi umejazwa kama stika ya mlangoni inavyosema, mizigo yote imeshushwa. Kwenye kiti cha dereva nimeweka mfuko wa saruji wa kilo 50 na ndoo ya maji ya lita 20, iwe sawa na mtu wa kilo 70. Mtu halisi anachoka kukaa, tena unamhitaji ashike futi.

Jumapili, 15 Juni: uwanja wa nyumbani haukufaa

Nyumbani kuna nafasi ya mita 5 tu kutoka bampa hadi ukutani. Kwa umbali huo ukingo unatakiwa kuwa sentimita 5 chini. Nilipima sentimita 68 kutoka sakafuni, nikabandika tepu ya karatasi ya mafundi rangi, tukasubiri giza.

Majibu yalikuwa mazuri kupita kiasi. Taa ya kushoto: ukingo sentimita 5 chini ya tepu, sawasawa na kanuni. Ya kulia: sentimita 8 chini. Kwa vipimo hivyo hakuna mtu barabarani angempigia shangazi fulu.

Tatizo lilikuwa sakafu. Uyole mvua ikinyesha inanyesha kweli, kwa hiyo fundi aliyemwaga zege la uwanja huu aliinua ule ukanda ulio karibu na ukuta ili maji yasirudi ndani ya nyumba. Gari limesimama chini, ukuta umeanzia juu. Nilipopima sentimita 68 kutoka chini ya ukuta nilikuwa napima kutoka mahali pasipo usawa mmoja na matairi, na tepu ikakaa juu kuliko taa zenyewe. Kwa macho uwanja unaonekana umelala kabisa. Yeyote atakayenakili kazi hii aanzie hapa, kwa sababu sentimita chache za sakafu zinafuta kipimo chote.

Jumamosi, 21 Juni: mpira wa maji

Nilikwenda kwa mzee mmoja jirani, fundi uashi wa siku nyingi.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba. Nasikia unapima taa." Aliitazama pima maji niliyobeba. "Hiyo ni ya kupangia tofali. Mita 10 utaipimaje na kifimbo? Chukua mpira."

Mpira wa maji ni ule ule wanaotumia mafundi kuhamisha usawa kutoka kona moja ya msingi hadi nyingine: mpira unaopitisha mwanga, umejazwa maji, ncha zote mbili wazi. Maji ya ncha mbili husimama usawa mmoja hata kama katikati mpira umepita shimoni. Nilinunua mita 12 kwa shilingi 1,000 kila mita.

Unajazwa kwa kunyonya kutoka kwenye ndoo, polepole. Hapo ndipo tulipoteza muda mwingi. Asubuhi ya Juni mpira unakuwa mgumu na baridi, na vipovu vya hewa vinang'ang'ania kwenye mikunjo. Kipovu kimoja kirefu kama punje ya mchele kilikaa katikati, maji ya ncha mbili yakawa hayalingani, na kila tulipopima tulipata jibu jipya. Mzee alishika mpira, akaunyoosha juani ukutani, akawa anaugonga kwa kucha kuanzia katikati kwenda juu. Kipovu kikasogea, kikasimama, kikasogea tena, kikatokea mdomoni. Baada ya hapo maji yakatulia. Kabla ya kipimo chochote, weka ncha mbili pamoja, bega kwa bega: maji yasipolingana hapo, kuna hewa ndani.

Kwa mpira huo uwanja wa nyumbani ulisema ukweli wake: chini ya ukuta palikuwa juu kuliko palipo matairi kwa sentimita 7. Toa hizo 7 kwenye vipimo vya Jumapili iliyopita na picha inageuka. Taa ya kushoto, iliyoonekana iko sentimita 5 chini, kumbe ilikuwa sentimita 2 juu ya usawa wake. Ya kulia ilikuwa chini kwa sentimita moja tu.

Tukahamia kwenye ghala la viazi mtaa wa pili, lenye ukuta mrefu uliopigwa plasta na uwanja mgumu mbele yake. Mwenye ghala aliruhusu baada ya saa za kazi. Mpira ulionyesha matairi ya mbele yako sentimita 2 chini ya yale ya nyuma. Tuliweka vipande vya mbao vya unene huo mbele ya matairi, tukasogeza gari likapanda juu yake, tukapima tena hadi matairi yote manne yakawa usawa mmoja. Kisha tukalitikisa gari kwa kulikandamiza mbele na nyuma ili springi zikae mahali pake.

Baada ya hapo kazi ni nyepesi. Ncha moja ya mpira inashikwa kwenye kitone cha katikati ya kioo cha taa, nyingine inakwenda ukutani mita 10 mbele, unaweka alama palipo maji. Hapo hukupima kutoka ardhini kabisa, kwa hiyo ardhi iliyo kati ya gari na ukuta haina tena neno. Mstari wa kwanza ni usawa wa taa. Wa pili uko sentimita 10 chini yake. Mistari miwili ya wima inaonyesha mbele kabisa ya kila taa. Tuliipata kwa kuvuta uzi kutoka katikati ya kioo cha nyuma kupitia katikati ya kioo cha mbele hadi ukutani, kisha tukagawa umbali wa globu na globu kulia na kushoto.

Saa 1 usiku tuliwasha dimu huku injini ikinguruma. Kushoto: sentimita 4 juu ya usawa wa taa. Kulia: sentimita 2 chini. Vipimo vinakubaliana na vile vya nyumbani vilivyosahihishwa.

Usiku huohuo: globu iliyokaa vibaya

Taa ya kulia ilitii mara moja. Nyuma ya taa kuna gia ndogo ya plastiki, unaizungusha kwa bisibisi ndefu ya nyota inayopita kwenye kitundu juu ya fremu. Ukingo ulishuka taratibu hadi kwenye mstari. Mzunguko wa mwisho uwe wa kukaza. Ukimalizia kwa kulegeza, gia inabaki na nafasi na gari likirukaruka taa inasogea.

Ya kushoto ilikuwa na ukingo uliofifia, umepinda, upande mmoja kama umepakwa kwa brashi. Ukingo wa namna hiyo huwezi kuuelekeza, maana hujui ushushe nini. Tulivua raba ya nyuma. Kitako cha H4 kina meno matatu, moja pana kuliko mengine, na kila jino lina pengo lake. Hii globu jino pana halikuwa limeingia, ikakaa kimshazari, na kibanio cha waya kikafungwa kwa nguvu juu yake. Kikombe cha chuma ndani ya globu kikawa kimeinama, mwanga ukavujia juu. Kioo cha globu chenyewe kilikuwa kimeanza kuwa cheusi. Nilibadilisha zote mbili, nikazishika kwa kitambaa kisafi ili mafuta ya vidole yasibaki kwenye kioo, jino pana likaingia mahali pake. Ukingo ukatokea safi, na bila kugusa gia ulikuwa umeshashuka sentimita 2.

Kwa hiyo, mpangilio ni huu: globu kwanza, gia baadaye. Nimeona watu wakizungusha gia hadi mwisho kwa kosa la globu.

Jumamosi, 28 Juni: sikio la taa

Baada ya globu, taa ya kushoto iliteremshwa hadi mstarini. Tukafunga boneti, ukingo ukaruka juu sentimita 3. Sikio la juu linaloshika taa kwenye fremu lilikuwa na ufa, na kila boneti lilipofungwa taa ilisukumwa.

Tulijaribu supaglu na baking soda, njia maarufu mitaani. Inakauka haraka na inakuwa ngumu kama jiwe, ila ugumu huo ndio udhaifu wake kwenye gari: siku ya kwanza ya barabara ya Isyonje ufa ulirudi palepale. Kilichoshika ni kipande cha bapa la alumini, kilichokunjwa kufuata umbo la sikio, kikafungwa kwa bolti mbili zenye washa za raba pande zote. Fundi wa bodi alitoboa matundu kwa shilingi 5,000. Asikupigie bolti kubwa. Plastiki ya taa ya zamani inapasuka kwa urahisi.

Tukarudi ghalani na kupima tena. Kushoto sentimita 10 chini, kulia sentimita 10 chini, na ile kona ambapo ukingo unaanza kupanda imekaa juu ya mstari wa wima wa kila taa.

Jumamosi, 5 Julai: gari likiwa na viazi

Shangazi haendeshi gari tupu. Nilimwomba apitie ghalani akiwa na mzigo wake wa kawaida, na mzigo wa kawaida wa huku unajulikana: lumbesa, gunia lililojazwa hadi juu likashonewa kofia.

Nyuma ya gari ilizama sentimita 4. Mbele haikusogea kwa kiasi cha kupimika. Umbali wa ekseli ya mbele na ya nyuma ni sentimita 255, kwa hiyo gari limeinua pua kwa karibu asilimia 1.6. Ukutani, ule ukingo uliokuwa sentimita 10 chini sasa ulikuwa sentimita 6 juu ya usawa wa taa. Mwanga unaopanda hivyo, mita 80 mbele umefika sentimita 116 kutoka barabarani, na hapo ndipo yalipo macho ya dereva wa gari dogo. Kabla ya marekebisho, na mzigo huohuo, taa ya kushoto ingekuwa imepanda sentimita 20. Fulu zote alizopigiwa shangazi zilikuwa za haki.

Wazo la kwanza linalomjia mtu ni kushusha taa moja kwa moja ili zifae na mzigo. Halifai. Mzigo ukishashuka, ukingo utakuwa sentimita 26 chini, na mwanga utaishia mita 26 mbele. Kwa mwendo wa kilomita 50 kwa saa gari linakula karibu mita 14 kila sekunde. Dereva anabaki na chini ya sekunde mbili za kuona.

Dawa ipo tayari kwenye gari: kirungu kidogo kushoto au kulia mwa usukani chenye namba 0 hadi 5. Wengi wanadhani ni cha mwanga wa dashibodi. Kinazungusha mota ndogo nyuma ya kila taa na kuishusha kadiri namba inavyopanda. Vipimo vyote vya juu vilichukuliwa kikiwa kwenye 0, na ni lazima viwe hivyo.

Tulipokizungusha, taa ya kushoto ilishuka, ya kulia ikakaa kimya. Ukiweka sikio karibu na taa ya kulia husikii mota. Soketi yake ilikuwa imeota kutu ya kijani, waya mmoja umefunikwa kabisa. Nilisafisha pini kwa mswaki wa zamani na dawa ya kusafishia viungo vya umeme, nikakaza midomo ya kike ya soketi kwa ncha ya sindano. Mota ikanguruma. Na mzigo uleule, namba 3 imerudisha taa zote mbili karibu sentimita 11 chini ya usawa. Namba 2 inatosha kwa nusu ya mzigo.

Nilibandika kipande cha tepu juu ya kirungu: 0 tupu, 2 nusu, 3 lumbesa. Shangazi alikisoma akacheka kwa furaha: "Ndaga fijo (asante sana kwa Kinyakyusa), mwanangu. Kumbe nilikuwa nacho miaka yote."

Jumapili, 6 Julai: magari mawili ya majirani

Habari zilienea, majirani wakaleta magari kwenye ukuta. Nayaandika mawili kwa sababu hayakurekebishika, na sababu ni nzuri kuijua.

La kwanza lilitoka nchi ya kuendesha kulia. Ukingo wake unapanda upande wa kulia, yaani kwa anayekuja kwetu. Ukilishusha hadi lisimchome mtu, linabaki bila mwanga wa maana mbele. Hapo hakuna gia itakayosaidia. Zinatakiwa taa za nchi ya kuendesha kushoto, kama za Japani au Uingereza.

La pili lilikuwa limewekewa balbu za LED ndani ya taa zilizotengenezwa kwa H4. Ukutani halikuwa na ukingo wowote, ni wingu la mwanga mweupe lililotawanyika hadi juu ya paa. Sahani ya taa imechongwa kwa ajili ya uzi mwembamba ulioko mahali maalumu. Chanzo cha mwanga kikibadilika umbo na mahali, sahani inatupa mwanga ovyo. Mwenye gari alirudisha H4 za kawaida palepale ukutani, na ukingo ukajitokeza mbele ya macho yake. Yeye mwenyewe alishangaa kwamba barabara inaonekana mbali zaidi kwa globu "za njano."

Jumamosi, 12 Julai: Isyonje na ukungu

Nilipanda na shangazi saa 10 alfajiri. Kwenda, gari tupu, kirungu kwenye 0; kurudi na mzigo, kwenye 3. Ukungu ulikuwepo kuanzia juu ya Igawilo. Ukuta mweupe haujaisha kabisa, maana ukungu ni ukungu, ila sasa mstari wa pembeni ya lami unaonekana na mwanga unalala chini yake. Malori yanayotoka Kasumulu, mpakani na Malawi, hayakutupigia fulu. Fulu yetu wenyewe bado inafika mbali: kwenye H4 nyuzi mbili ziko ndani ya globu moja, kwa hiyo dimu ikikaa sawa fulu nayo imekaa.

Gharama

Mpira wa maji shilingi 12,000. Tepu ya karatasi 2,000. Bisibisi ndefu ya nyota 6,000. Globu mbili za H4 14,000. Alumini, bolti na washa 4,000, kutoboa 5,000. Dawa ya viungo vya umeme 8,000. Supaglu na baking soda 2,000, hizi zimepotea bure. Jumla 53,000. Mbao za chini ya matairi zilikuwa mabaki, na mzee wa mpira alikataa malipo.

Jumamosi, 9 Agosti: kipimo cha marudio

Kulia hakujasogea. Kushoto kumeshuka sentimita 2 zaidi: washa za raba zimebonyea kwa joto la injini, bolti zikalegea. Nimezikaza, nikaongeza nati za kufungia, nikarudisha ukingo kwenye mstari. Mwenye sikio la alumini apime tena mwezi wa kwanza.

Mwenye ghala ameniruhusu nichore mistari kwa rangi ya mafuta, nyekundu kwa usawa wa taa na nyeupe kwa sentimita 10 chini, pamoja na alama nne za matairi ardhini. Mistari hiyo ni ya taa zenye urefu wa sentimita 68. Gari lenye urefu mwingine lisimame kwenye alama zilezile, lakini usawa wake lipimiwe upya kwa mpira. Mpira uko kwangu, umeviringishwa na maji yake ndani. Anayeutaka aje kuuazima, na kabla ya kuutumia aweke ncha mbili pamoja.